Uziwi: Upungufu wa Masikio au Utambulisho wa Jamii?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaigusa lugha ya viziwi katika vifungu vitatu, na katika kila kimoja inawaona viziwi kwa jicho tofauti. Kifungu cha 54, kinachohusu watu wenye ulemavu, kinampa mtu wa kundi hilo haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kifungu cha 7, kinachohusu lugha, kinaitaka serikali ikuze na kuendeleza lugha za wenyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Kifungu cha 120 hakitaji ulemavu kabisa: kinasema tu kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Vifungu hivi vikisomwa kwa pamoja, mkanganyiko unajitokeza wazi. Katika kifungu kimoja lugha ya viziwi ni msaada unaotolewa kwa mtu aliyepungukiwa na kitu. Katika kingine ni lugha iliyokaa bega kwa bega na Kiswahili. Katika kifungu cha 7 imewekwa katikati, kati ya lugha za wenyeji na Breli, ilhali Breli si lugha bali ni mfumo wa maandishi ya nukta ambao mtu asiyeona anaweza kuutumia kuandikia Kiswahili, Kiarabu au Kiingereza. Sidhani kwamba waandishi wa katiba walizembea. Walikutana na swali ambalo limewagawa walimu, madaktari, wazazi na viziwi wenyewe kwa zaidi ya karne mbili: je, kiziwi ni mtu mwenye ulemavu, au ni mmoja wa jamii yenye lugha na utamaduni wake? Msimamo wa makala haya ni kwamba majibu yote mawili yana ukweli, ila lile linalotangulizwa ndilo huamua mtoto kiziwi atatendewa nini, na kwa sehemu kubwa tumezoea kulitanguliza lisilofaa.

Kwanza ni vizuri kuielewa hoja yenyewe, kwa sababu mara nyingi hupingwa kabla ya kueleweka. Wanaosema kwamba uziwi ni utambulisho hawakani kwamba masikio yao hayasikii. Wanachokana ni kwamba kutosikia ndiyo habari kubwa kuliko zote kuwahusu. Daktari hupima sauti kwa desibeli na kuandika kiwango cha usikivu kilichopotea, na kipimo hicho ni sahihi kwa kazi yake. Hata hivyo, watu wawili wenye kipimo kilekile wanaweza kuwa wa dunia mbili tofauti. Mzee aliyepoteza usikivu akiwa na miaka sabini anaendelea kuwaza, kusali na kusimulia kwa lugha aliyokulia. Amepoteza kitu alichokuwa nacho, na huzuni yake ni ya haki. Mtu aliyezaliwa kiziwi na kukulia katika lugha ya alama, ile ambayo Kenya huiita lugha ya ishara, hakupoteza chochote, kwa sababu hakuwahi kusikia; ana marafiki zake, vichekesho vyake na namna yake ya kuishi, na mara nyingi mwenzi wake wa ndoa naye ni kiziwi. Upo pia upande wa tatu ambao hospitali haiwezi kuuona: watoto wanaosikia vizuri lakini wamezaliwa na wazazi viziwi. Hao huanza kuongea kwa mikono kabla ya kuongea kwa mdomo, na wengi wao hubaki na mguu mmoja katika jamii ya viziwi maisha yao yote.

Nguzo ya hoja hii ni lugha. Hadi katikati ya karne ya 20, hata walimu wengi wa shule za viziwi waliamini kwamba alama za mikono ni maigizo tu, au ni maneno ya lugha ya kusema yaliyofanywa vipande. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet jijini Washington, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zimejengwa kwa vipande vidogo vinavyorudiwa na kupangwa upya, kama silabi na sauti zinavyojenga maneno ya kusemwa. Vipande hivyo ni umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Badili kimoja tu na maana hubadilika. Uso nao hufanya kazi ya sarufi: katika lugha nyingi za alama, nyusi zilizoinuliwa hutosha kuigeuza kauli kuwa swali la ndiyo au hapana.

Tuchukue sentensi moja tuitazame kwa karibu: mwalimu alimpa mtoto kitabu. Katika lugha nyingi za alama msemaji anaweza kumweka mwalimu upande wake wa kulia hewani na mtoto upande wa kushoto, kisha akaupeleka mkono wenye alama ya kutoa kutoka kulia kwenda kushoto. Mkono ukianzia kushoto na kuishia kulia, mtoto ndiye aliyempa mwalimu. Kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa mpangilio wa maneno na kwa viambishi viwili vilivyomo katika neno “alimpa”, lugha ya alama huifanya kwa nafasi na mwelekeo, ndani ya tendo moja la mkono. Hapa hakuna Kiswahili kilichofasiriwa neno kwa neno. Ndiyo maana mtoto kiziwi anapojifunza kuandika Kiswahili anajifunza lugha ya pili, na makosa anayofanya ni ya mtu anayejifunza lugha ya pili, wala si ushahidi wa akili pungufu. Lugha hizi pia si moja duniani: kiziwi wa Uingereza na kiziwi wa Marekani hawaelewani kwa urahisi ingawa nchi zao zinasema Kiingereza, na Lugha ya Alama ya Tanzania ina mambo yake yasiyofanana na ya Kenya. Mitaala ya Kenya iliwahi kulikubali jambo hili kwa vitendo ilipowaruhusu wanafunzi viziwi kufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili.

Sasa linakuja jambo linaloifanya jamii hii iwe tofauti na jamii nyingine zote za lugha. Mtoto wa Kihaya au wa Kimijikenda hupokea lugha na desturi kutoka kwa wazazi wake. Mtoto kiziwi kwa kawaida hawezi, kwa kuwa takribani watoto tisa kati ya kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na katika mazingira yetu wengine wengi huwa viziwi wakiwa wadogo baada ya homa ya uti wa mgongo, surua, au dawa kali kama gentamaisini. Nyumbani hutumika ishara chache za kuombea chakula na kuonyesha watu wa familia, basi. Utamaduni wa viziwi kwa hiyo hupita kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto, na mahali unapopitia ni shule ya bweni. Tukio la Nikaragua limekuwa ushahidi mkubwa wa jambo hili. Shule ya viziwi ilipoanza Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto waliletwa kutoka majumbani wakiwa na ishara zao za kifamilia tu. Walimu walikazania kuwafundisha kutamka Kihispania, lakini uwanjani na ndani ya mabasi watoto waliziunganisha ishara zao, na waliowafuata wakiwa wadogo zaidi wakazijengea sarufi. Lugha mpya ilizaliwa huku wataalamu wakiitazama, na hakuna mtu mzima aliyeifundisha.

Tanzania nayo imebeba alama ya historia ya namna hiyo. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa miaka ya 1960, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Shule hizo na nyingine zilizofuata zilikuza alama zinazotofautiana, kiasi kwamba kwa viziwi wazoefu alama za mtu zinaweza kufichua alikosomea. Kwa jamii hii shule ni kile ambacho kijiji na ukoo ni kwa wengine. Kiziwi anapokutana na kiziwi mgeni, swali la umesoma wapi huja mapema, na jibu lake huleta majina ya walimu na marafiki wanaofahamiana.

Juu ya lugha hujengwa desturi, na nyingi kati ya hizo hutokana na ukweli kwamba macho ndiyo yanayopokea maneno. Watu hukaa kwa duara ili kila mmoja awaone wote. Mtu huitwa kwa kupungiwa mkono, kwa kuguswa begani au kwa kuwashwa na kuzimwa taa, na kuyaondoa macho wakati mwenzako anazungumza ni utovu wa heshima mkubwa kuliko ule wa kumkatiza mtu kauli. Makofi hupigwa kwa kuinua mikono na kuichezesha vidole vikiwa wazi. Kila mtu ana jina la alama, ambalo hajichagulii. Hupewa na viziwi wenzake kutokana na kovu, kishimo cha shavuni, mtindo wa nywele au tabia fulani, na anayesikia hupewa lake baada ya kukubalika. Wanaotaka kuona mpangilio huu ukitawala mahali pa hadhara wanaweza kwenda Iringa, katika mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanza mwaka 2003 kwa kuwapa kazi vijana viziwi: wahudumu ni viziwi, na mteja anayesikia ndiye anayepaswa kutafuta namna ya kueleweka. Kwa dakika chache asiyejua lugha ya mahali pale ni yeye.

Wapo wanaotumia kisiwa cha Martha’s Vineyard, karibu na pwani ya Massachusetts nchini Marekani, kuthibitisha kwamba uziwi si ulemavu. Walowezi waliofika huko tangu karne ya 17 walibeba uziwi wa kurithi, na kwa kuwa watu walioana wao kwa wao, katika karne ya 19 kijiji cha Chilmark kilikuwa na kiziwi mmoja kwa takribani kila watu 25. Wanaosikia nao walijua lugha ya alama. Viziwi walivua samaki, walilima, walioa na kuolewa na wanaosikia, na walishika nyadhifa za kijiji. Mtafiti Nora Groce alipowahoji wazee wa kisiwa hicho kabla ya kuchapisha utafiti wake mwaka 1985, aligundua kwamba baadhi yao walilazimika kufikiri kwanza ndipo wakumbuke nani alikuwa kiziwi. Ushahidi huu ni mzito, lakini naona husomwa nusu tu. Unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa ulemavu wa kiziwi hutokana na majirani wasiojua lugha yake. Unaonyesha pia jambo la pili, ambalo watetezi wengi hulipita haraka: pale ambapo kila mtu alijua alama, hakukuwa na sababu ya viziwi kuwa jamii ya peke yao. Utambulisho wa viziwi kama tunavyoujua leo ulikuzwa na shule, na vilevile na kuzuiwa.

Kuzuiwa huko kuna tarehe. Mnamo Septemba 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa walikutana Milan, Italia. Kati ya wajumbe 164 kiziwi alikuwa mmoja tu, James Denison wa Marekani. Mkutano uliazimia kwa kura nyingi kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko alama, na kwamba kufundisha kwa mdomo peke yake ndiko kutangulizwe. Matokeo yake yalidumu karibu karne nzima: walimu viziwi walipoteza kazi, watoto walikatazwa kutumia mikono darasani, na saa ambazo zingetumika kufundisha hesabu na jiografia zilitumika kumfundisha mtoto kutamka sauti asiyoweza kuisikia. Shule nyingi za mwanzo za Afrika Mashariki zilirithi mbinu hiyo. Alama zilibaki bwenini, baada ya mwalimu kuondoka, na kule kufichwa kulizifanya ziwe mali ya watoto wenyewe. Mwaka 2010, katika mkutano wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, waandaaji waliyakataa maazimio ya Milan na kueleza majuto yao. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Tukio lililoigeuza hoja hii kuwa ya kisiasa lilitokea Gallaudet mwezi Machi 1988. Chuo hicho, ambacho sheria ya kukiruhusu kutoa shahada ilitiwa saini na Rais Lincoln mwaka 1864, hakikuwahi kuongozwa na kiziwi. Bodi ilipomteua kuwa rais wa chuo Elisabeth Zinser, mwanamke anayesikia na asiyejua lugha ya alama, badala ya wagombea wawili viziwi waliokuwa wamefika hatua ya mwisho, wanafunzi walifunga milango ya chuo na kuandamana hadi jengo la Bunge. Ndani ya wiki moja Zinser alijiuzulu, mwenyekiti wa bodi akaondoka, na I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi. Jordan alikuwa amezaliwa akisikia na akawa kiziwi akiwa na miaka 21 baada ya ajali ya pikipiki. Kwa daktari, historia ya masikio yake ilikuwa karibu na ya yule mzee wa miaka sabini kuliko ya mtu aliyezaliwa kiziwi. Kwa wanafunzi wa Gallaudet alikuwa mwenzao, kwa sababu alikuwa ameishi na kufanya kazi katika lugha yao.

Afrika ina mtu wake wa kukumbukwa katika habari hii, naye ni Andrew Foster, mzaliwa wa Alabama aliyekuwa kiziwi akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo, na ambaye mwaka 1954 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi nchini Ghana, na kwa miaka thelathini iliyofuata alianzisha zaidi ya shule thelathini barani kote, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwezi Desemba 1987. Foster aliwafundisha viziwi kwa alama wakati ambapo wengi bado walishikilia mdomo, na wengi waliomfuata katika kazi hiyo ni viziwi aliowafundisha. Ni haki kusema pia kwamba alileta alama za Kimarekani, na katika nchi kadhaa za Afrika Magharibi na Afrika ya Kati alama hizo zilizifunika zile ambazo wenyeji walikuwa nazo. Mtu anaweza kuikomboa jamii na wakati huohuo akaibadilishia lugha. Historia ya viziwi wa Afrika inahitaji kuyabeba yote mawili.

Je, basi viziwi waache kuhesabiwa miongoni mwa watu wenye ulemavu? Wachache husema hivyo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Karibu kila haki ya lugha ambayo viziwi wameipata katika ukanda huu imepita katika mlango wa ulemavu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilielekeza kuendelezwa kwa lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia bungeni kupitia viti vya watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, ndio unaotamka kwamba lugha za alama ni lugha, unaozitaka nchi zikuze utambulisho wa kilugha wa viziwi, na unaoutaja waziwazi utamaduni wa viziwi katika kifungu cha 30. Mkalimani kwenye taarifa ya habari na nafuu ya kodi havitolewi kwa jamii ya lugha ndogo. Hutolewa kwa mwenye ulemavu. Kuufunga mlango huo kwa ajili ya heshima kungewaumiza viziwi maskini kabla ya kumuumiza mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo, mlango mmoja haupaswi kuamua kila kilichomo ndani ya nyumba. Suala la upandikizaji wa vifaa vya usikivu linaonyesha hatari hiyo. Marekani iliruhusu vifaa hivyo kwa watoto wadogo mwaka 1990, na vyama vya viziwi vilipinga vikali, vikisema mtoto anafanyiwa upasuaji ili awe mtu mwingine. Msimamo huo umelegea baadaye. Hospitali ya Taifa Muhimbili inatoa huduma hiyo tangu mwaka 2017, na sioni sababu ya kumlaumu mzazi anayeichagua. Kosa liko katika ushauri ambao familia nyingi duniani zimepewa pamoja na upasuaji, kwamba mtoto asifundishwe alama ili asizembee kusema. Kifaa hakimfanyi kila mtoto asikie maneno sawasawa, mafanikio yake hutegemea mazoezi ya miaka, vipuri na betri, na sehemu yake ya nje ikivuliwa wakati wa kuoga au kulala mtoto ni kiziwi kama alivyokuwa. Miaka ya kwanza ya maisha ndiyo ambayo ubongo hujenga lugha. Mtoto aliyesubirishwa hadi ijulikane kama kifaa kimefaulu anaweza kufika darasani bila lugha yoyote, na pengo hilo ni gumu kuzibika. Kukosa lugha kabisa ndio ulemavu mzito kuliko uziwi, na unazuilika.

Shuleni ndiko majibu yale mawili yanakogongana waziwazi. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, elimu jumuishi ni ushindi: ngazi ziondolewe, asome na watoto wa mtaa wake. Kanuni hiyohiyo ikitumiwa kwa kiziwi bila kufikiriwa, humweka mtoto mmoja katika darasa la wanafunzi themanini wanaosikia, mbele ya mwalimu anayeandika ubaoni huku amewapa mgongo. Yumo ndani ya chumba, na hayumo katika somo. Hakuna wa kucheza naye kwa lugha yake, na hakuna kiziwi mtu mzima wa kumwonyesha kwamba watu kama yeye huzeeka, hufanya kazi na kulea familia. Mkataba uleule wa 2006, katika kifungu cha 24, unasema elimu ya watoto viziwi itolewe kwa lugha inayowafaa na katika mazingira yanayokuza masomo na maisha yao ya kijamii kwa kiwango cha juu kabisa, na Shirikisho la Viziwi Duniani linashikilia kwamba shule ya lugha mbili, alama na maandishi, ni sehemu ya ujumuishi. Baadhi ya wanaharakati wa ulemavu huiona shule hiyohiyo kuwa utengano, na mjadala kati yao haujaisha.

Kati ya shule maalumu na darasa la kawaida vipo vitengo vya viziwi vilivyo ndani ya shule za kawaida, na hivyo hutofautiana sana kwa ubora. Mzazi anayekagua kitengo cha namna hiyo anaweza kuuliza watoto viziwi ni wangapi pale, kama yupo mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi, kama matroni wa bweni anajua alama, na kama shule huwafundisha wazazi lugha hiyo wakati wa likizo. Mkuu wa shule anayeweza kuyajibu maswali hayo bila kutafuta maneno kwa kawaida ameshaelewa kwamba amepokea watoto wenye lugha.